Vidonge vya Siku Tatu Asubuhi ya Upasuaji

Bwana asifiwe! Itikieni tena jamani, hiyo ya kwanza ilikuwa ya baridi, na mimi leo nahitaji kusikia sauti zenu. Bwana asifiwe sana!

Wengi mnanifahamu. Mimi ni mama Ombeni, muuza dagaa na migebuka pale sokoni, samaki wa kutoka Wampembe, kule ziwani. Kwenye kwaya ya akina mama nasimama mstari wa nyuma, kwa sababu ya urefu, na pia kwa sababu mwalimu wa kwaya anasema sauti yangu inafaa kusikika kwa mbali. Haya. Nimesimama kutoa ushuhuda, lakini ndugu zangu, naomba mnivumilie, maana hata mimi mwenyewe sijauelewa vizuri. Wiki nzima nimeuzungusha kichwani, kila nikiuanza unanipeleka kwingine. Nitausema ulivyo, na mchungaji atanisaidia pale nitakapopotea.

Inabidi nianze na aibu. Mwaka jana, baada ya ule mkutano wa injili wa uwanjani, nilisimama hapa hapa nikasema Mungu ameniponya presha. Mlipiga vigelegele. Kuna mama alirusha kitenge chake juu kikanasa kwenye feni. Basi ule ushuhuda, ndugu zangu, ulikuwa na tundu, na leo nimekuja kuwaonyesha tundu lenyewe.

Jambo lilikuwa hivi. Nina presha, ile ya kupanda. Ilionekana siku nilipokwenda zahanati kwa maumivu ya kisogo, nikaandikiwa vidonge, viwili kila asubuhi, nikavinywa miezi kadhaa bila matatizo. Kwenye mkutano wakaita wenye magonjwa, nikaenda mbele, nikaombewa, nikasikia wepesi mwili mzima. Huo wepesi niliusikia kweli, siwadanganyi. Kesho yake nikapima, iko sawa! Nesi akasema, "Vizuri mama, endelea na dawa zako." Hilo la vizuri nililisikia. Hilo la kuendelea na dawa sikulisikia kabisa. Na asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kwenda kupima, nilikuwa nimeshameza vidonge vyangu kama kawaida. Niliposimama hapa Jumapili sikulitaja. Je, nilificha? Mbele za Mungu, sijui. Labda halikunijia kichwani, labda lilinijia nikalisukuma pembeni.

Baada ya vigelegele vile ningemezaje tena dawa? Nikaacha. Wiki kadhaa nikawa mzima kabisa, nikazidi kuamini. Kisha nikaenda kijijini Mwazye kumsaidia mama yangu mzazi kulima ntumba. Mliozaliwa Ufipa mnaijua kazi ile, unageuza majani, unayafukia kwa udongo yaoze, tuta moja baada ya jingine, mgongo umeinama na upepo unakupiga masikioni. Tuta la tisa au la kumi, nikaanza kusikia moyo wangu ukigonga ndani ya kichwa. Mama akaniita kutoka ng'ambo ya shamba, "We binti, kaa chini, uso wako sio ule uliokuja nao." Nikakaa. Nikajiambia ni kazi tu, na umri.

Niliporudi mjini nikaenda duka la dawa la dada Zuhura. Sikulichagua bure. Ukoo wao ni Waislamu wafanyabiashara, hakuna mwanakwaya anayekwenda pale kupiga soga. Zuhura akaniamkia shikamoo, akanikalisha, akanifunga ule mkanda mkononi. Iko juu! Nikapumzika, akapima tena, imeshuka kidogo. Nikarudi kesho yake asubuhi, namba nyingine tena. Nikachukia.

"Dada, kipimo chako kibovu," nikamwambia. "Presha gani hii isiyotulia mahali pamoja?"

"Haitulii kwa mtu yeyote, mama," akasema. "Ukitembea inapanda, ukigombana na mimi hivi inapanda. Ila yako hata ikishuka bado iko juu. Rudi kwenye dawa, halafu nenda kliniki wakuone."

Dawa nilinunua. Kliniki sikwenda, niliona aibu. Nikawa nameza vidonge viwili kila asubuhi nikiwa nimeupa mlango mgongo, na pakiti naificha ndani ya soksi, chini kabisa ya sanduku la nguo. Na nyinyi hapa mkawa mnanitolea mfano! Mtu akiugua anaambiwa, muulize mama Ombeni alivyoponywa. Na mimi nawaeleza! Nilikuwa naeleza vizuri, ndugu zangu, mpaka nalia machozi ya kweli. Sasa mtu anayelia machozi ya kweli kwa jambo ambalo si kweli, huyo ni mwongo, au ni nani? Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na bado sijatoka.

Mwaka huu nikapata ugonjwa mwingine. Damu ikawa inanitoka isivyo kawaida, mwezi hadi mwezi, mpaka nikawa natembea nikishika kuta. Wakanipima, wakaona uvimbe kwenye kizazi, wakasema dawa yake ni upasuaji. Nikapangiwa siku, nikalazwa siku tatu kabla, wanipime damu na kuniongezea.

Na hapa nataka nieleze jambo ambalo wageni hawalijui. Sisi akina mama wa kanisa hili tuna desturi yetu, na ni nzuri sana. Mwenzetu akilazwa hatumwachi peke yake hata dakika. Kuna zamu ya uji, zamu ya ugali, zamu ya maombi. Mliniogesha, mlinisuka, mlinisindikiza mpaka mlango wa choo mkinishikia kitenge. Mungu awabariki sana. Lakini ile soksi ilikuwa ndani ya begi chini ya kitanda, na kwa siku tatu sikupata nafasi ya kuigusa! Kila nikiinama mtu anasema, "Acha mama, nikupatie nini?" Nikajibu mafuta ya kupaka. Nilijipaka mafuta siku hizo tatu mpaka nesi akaniuliza kama nina harusi.

Siku moja kabla ya upasuaji akaja mtaalamu wa usingizi, baba mmoja Msukuma, mpole ila sauti yake inajaza wodi. Aliniita mayu, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. Mama mchungaji alikuwa kwenye zamu yake, amekaa kitandani, ameushika mkono wangu. Yule baba akauliza maswali yake. Nimewahi kupasuliwa? Nina pumu? Nina kisukari? Akafika penyewe.

"Una presha, mayu?"

Kabla sijafungua mdomo mama mchungaji akajibu kwa furaha, "Huyu aliponywa, daktari! Alitoa ushuhuda mbele ya kanisa zima!"

Yule baba akanitazama mimi. "Nakuuliza wewe, mayu. Kuna dawa yoyote unatumia?"

Ndugu zangu, mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wa mama mchungaji. Nilisikia joto la kiganja chake. Nikasema, "Niliponywa. Situmii dawa yoyote." Akaandika.

Akapima. Ikawa juu sana. Akakunja uso, akauliza mbona hivi. Nikasema ni wasiwasi. Akasema kweli wasiwasi unapandisha, maumivu yanapandisha, hata ugonjwa wenyewe unaweza kupandisha, kwa hiyo watapima tena asubuhi. Ila ikibaki pale juu, hawatanipasua. Wataahirisha, waitibu presha kwanza.

Kuahirisha! Mimi niliyekuwa sina damu ya kupanda hata ngazi tatu! Nilijiona nikirudi nyumbani na uvimbe wangu, na watu wakiuliza kwa nini, na jibu ni presha, ile ile niliyoponywa. Sikulala vizuri. Nilikuwa namwomba Mungu ashushe presha, na papo hapo nawaza namna ya kuifikia soksi.

Alfajiri mama mchungaji akatoka kwenda kutafuta maji ya moto. Nikainama haraka, nikachukua pakiti, nikaenda bafuni. Hapo nikapiga hesabu yangu, hesabu ya muuza dagaa. Siku tatu sijanywa, kila siku viwili, kwa hiyo nina deni la vidonge sita. Nikavimeza vyote sita! Nilikuwa nimekatazwa kula na kunywa, lakini nilikinga maji ya bomba kwa kiganja, nikashushia. Na nilisali kabla ya kumeza, ndugu zangu. Nilimwomba Mungu avibariki vidonge ambavyo nilikuwa nawaficha watu wake. Sijui alinisikilizaje siku ile.

Walipokuja kupima, imeshuka! Iko pazuri kabisa. Mama mchungaji akapiga kelele ya haleluya wodi nzima ikaamka, hata mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa hataki maombi akasema amina. Yule baba akatabasamu akasema nimepumzika vizuri. Wakanisukuma kwenda chumba cha upasuaji, akina mama wakanisindikiza wakiimba mpaka pale penye mstari mwekundu, mtu wa nje asipopita.

Ndani kuna baridi kama nyanda zetu za juu mwezi wa Juni. Wakanikalisha, nikainama, nikachomwa sindano ya mgongo, ile ya ganzi. Miguu ikapata joto, ikawa mizito, kisha ikawa si yangu. Macho yangu yako wazi, nasikia kila kitu. Mkono wa kulia umefungwa mkanda wa presha unaojibana wenyewe kila baada ya muda, unabana, unaachia, na mashine inalia ti, ti, ti.

Nikapiga miayo. Nikapiga tena. Nikashangaa, usingizi umetoka wapi wakati nina hofu hivi? Kichefuchefu kikaja. Taa ya juu ikaanza kwenda mbali. Nikamsikia yule baba akisema, bila kelele, "Presha inashuka." Mimi nikawaza, hapana, amekosea mgonjwa. Yangu ni ya kupanda. Ya kushuka ni ugonjwa mwingine, anao jirani yangu. Mtu mmoja atakuwaje nazo zote mbili?

Akafungulia dripu ikimbie. Akasukuma dawa kwenye mshipa. Mkanda ukabana, ukaachia. Akasema, "Bado inashuka." Akasukuma nyingine. Nikasikia viatu vinatembea haraka. Daktari wa upasuaji akaambiwa asubiri, asianze. Kisha uso wa yule baba ukaja juu yangu, kichwa chini, na ile sauti kubwa imekuwa ndogo.

"Mayu, unanisikia? Presha yako inakwenda chini kuliko nilivyotegemea. Kuna dawa umekunywa? Niambie tu, sikugombezi."

Ndugu zangu, sasa nitawaambia kitu ambacho nimekionea haya kuliko vyote. Nilimsikia vizuri. Nilielewa kwamba ninakufa. Na wazo lililonijia halikuwa watoto wangu, wala mbingu. Niliwaza hivi: nikinyamaza nikafa, nitazikwa na ushuhuda wangu ukiwa mzima. Mtaimba, mtasema mama Ombeni aliponywa presha, akachukuliwa na uvimbe. Nilijiona ndani ya jeneza, nina heshima. Na nikalitamani! Niliitamani ile heshima nikiwa nimelala pale sina miguu!

Nikajaribu kusali, maneno hayakuja. Jina la Yesu tu lilikuja, na lilivyokuja halikunituliza, lilinichoma. Sikuona malaika. Sikusikia sauti. Nilisikia mdomo wangu wenyewe unasema, "Nilikunywa."

"Ya nini?"

"Ya presha."

"Vingapi?"

"Sita. Vya siku tatu. Asubuhi hii."

Akasema, "Asante, mayu." Hivyo tu! Akageuka, akawaambia wenzake jambo kwa lugha yao ya kazi, dawa ikabadilishwa, kipimo kikabadilishwa, miguu yangu ikainuliwa. Mkanda ukabana, ukaachia. Ukabana tena. Sijui ilichukua muda gani. Ile taa ikarudi mahali pake polepole, na mimi nikaanza kusikia baridi, nikajua nipo. Walinisubiri mpaka wakaridhika, ndipo wakafanya kazi yao, wakautoa uvimbe. Mungu apewe sifa! Mungu apewe sifa na wale watu wa mkanda na dripu wapewe asante yao!

Kesho yake yule baba alikuja wodini kuniona. Niliomba akina mama watupishe kidogo, na hiyo peke yake ilikuwa vita. Nikamuuliza yote. Nilikuwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Akanieleza kwamba presha ya kupanda na ya kushuka si watu wawili. Ni damu ile ile inayosukuma kwenye mishipa ile ile. Ukilima inapanda, ukiogopa inapanda, ukiumwa inaweza kwenda huku au kule. Sindano ya mgongo inailegeza mishipa, na mishipa ikilegea presha inashuka. Wao wanalijua hilo na wamejiandaa. Lakini mimi nilikuwa nimeshailegeza kwa vidonge sita, na juu ya hapo sina damu ya kutosha, na yeye kwenye karatasi ameandika mtu asiyetumia dawa. Akasema kidonge kilichosahaulika hakilipwi, unaendelea na cha siku hiyo kama daktari alivyokuandikia. Akasema tena, "Mayu, ungeniambia jana yake tungepanga vizuri, wala usingeahirishwa muda mrefu."

Nilimwelewa. Alipoondoka nikaona sijaelewa. Hayo ya mishipa nimeyaelewa, sijaelewa ya Mungu. Kwa sababu ule wepesi wa uwanjani niliusikia. Je, niliponywa nikaupoteza uponyaji kwa uongo? Au sikuponywa, Mungu akanituliza tu moyo, na mimi nikakimbilia kutangaza? Na pale mezani nani aliniokoa, ni Yesu aliyenifungua mdomo au ni yule baba aliyejua la kufanya? Nimeuliza usiku na mchana. Mchungaji, usiniandalie jibu la haraka, tafadhali. Ninachokijua ni kidogo. Niliulizwa mara mbili swali moja. Mara ya kwanza nilidanganya nikakaribia kufa, mara ya pili nilisema kweli na nipo hapa, nimesimama mbele yenu, nina mshono tumboni. Nilifunguliwa kitu siku ile. Kama si presha, basi ni ile hofu ya macho yenu.

Kwa hiyo ushuhuda wangu wa mwaka jana naurudisha leo. Naomba msamaha kwa kanisa, na kwa kila mtu niliyemweleza. Kama kuna aliyeacha dawa kwa sababu yangu, nakusihi, nenda kwa daktari, usisubiri kupewa sababu. Ninaamini Mungu anaponya. Siku atakaponiponya presha nitawaambia, lakini atakayetangulia kujua ni yule wa kliniki.

Sasa nimalizie. Nilimfuata mama mchungaji nyumbani kwake juzi, nikamwambia yote, nikiwa nimepiga magoti jikoni. Nilitegemea atalia, au atanifukuza. Akaendelea kukoroga mboga ambayo ilikuwa imeshaiva. Kisha akaniuliza, "Mama Ombeni, wewe za kwako unakunywa saa ngapi?"

Nikasema asubuhi.

Akasema, "Mimi jioni. Mwaka wa nne sasa."

Ameniruhusu niliseme, na ameniomba nisimtazame wakati nasema, ndiyo maana naangalia dirishani. Mchungaji, naona umegeuka. Mtaongea nyumbani.

Ndugu zangu, fikirieni. Siku ile kitandani tulikuwa wawili, tumeshikana mikono, kila mmoja anamwogopa mwenzake kwa ugonjwa ule ule! Na karibu nife katikati yetu.

Siwaiti mbele leo. Mbele nimeshakuja mara nyingi. Jumatano ni siku ya kliniki ya presha. Mimi na mama mchungaji tutatoka hapa kanisani saa mbili asubuhi, tutapita barabara kubwa, kwa miguu, kila mtu na daftari lake la kliniki mkononi, juu, lionekane. Yeyote mwenye lake lililofichwa, alitoe huko aliko, aje tuongozane. Tutakusubiri mlangoni mpaka utokee.